Kununua sailensa Marekani baada ya kodi kuwa sifuri, angalia haya kabla hujatoa hela

Tangu Januari 1, 2026 ile kodi ya dola 200 ya sailensa (kifaa cha kufunga mdomoni mwa mtutu wa bunduki kupunguza mlio) imeshuka mpaka sifuri na watu wengi wanadhani sasa ni kuingia dukani, kulipa, kuondoka nayo. Hapana jamani. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imegusa kodi tu, usajili uliowekwa na ile sheria ya silaha ya mwaka 1934 (NFA) uko palepale, yaani fomu ya ATF (idara ya shirikisho inayosimamia silaha), picha, alama za vidole, kuchunguzwa kama una rekodi ya uhalifu, nakala ya fomu kwenda kwa sherifu au mkuu wa polisi wa eneo lako, alafu unasubiri. Ukikutwa na sailensa isiyosajiliwa kwa jina lako ni kosa la shirikisho, kifungo mpaka miaka 10.

Kwahiyo kwanza angalia unaishi wapi. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Illinois, Delaware, Rhode Island na Hawaii raia wa kawaida haruhusiwi kabisa, na sheria mpya haijabadilisha chochote huko, wala usipite nayo huko ukiwa safarini hata kama nyumbani kwako ni halali. Kuwindia nayo ni suala lingine, soma sheria za uwindaji za jimbo lako peke yake. Na wewe uliyeko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza silaha yoyote, na sailensa kisheria inahesabiwa kama silaha, mwenye green card (ukaazi wa kudumu) yeye anaweza.

Kununua kwenyewe: unatafuta duka lenye leseni ya kuuza vitu vya NFA, unalipia, fomu inatumwa kwa mtandao, na mzigo unabaki dukani mpaka jibu lirudi. Hapo kwenye fomu amua mapema, jina lako au trasti (mpango wa kisheria wa kumiliki mali kwa pamoja). Ukisajili kwa jina lako huwezi kumwachia mkeo au kaka yako akaondoka nayo wewe ukiwa hupo. Trasti inaruhusu wote waliotajwa humo, ila kila mhusika naye atoe picha na alama za vidole. Kwa mtu mwenye familia mi naona trasti inalipa, usumbufu ni wa mara moja.

Sasa kuchagua, na hapa ndipo hela zinapopotea, maana kuiuza tena ni kazi, mnunuzi naye lazima apitie fomu zilezile. Usinunue kwa kuangalia desibeli za kwenye boksi tu. Mlio wa bunduki kubwa ni kama desibeli 160 na kitu, sailensa nzuri inapunguza 20 mpaka 35, kwahiyo bado ni kelele, ya kwenye filamu sahau, na risasi ikienda kasi kuliko sauti ule mlio wake wa kupasua hewa hauzuiliki na sailensa yoyote. Vaa kinga ya masikio bado. Faida ni kwamba unashuka chini au karibu na desibeli 140, mlio wa kuzidi hapo unaweza kuharibu masikio hata kwa risasi moja, na masikio yakiharibika hayarudi.

Kama ni ya kwanza na una bunduki kadhaa, ya kaliba (upana wa risasi) .30 ni chaguo zuri maana inafanya kazi pia kwenye 5.56, ambayo ni ndogo zaidi, inapoteza ukimya kidogo tu. Ya .22 nunua inayofunguka, risasi zile zinaacha masizi na madini ya risasi yanaganda ndani. Titani ni nyepesi, nzuri kwa mwindaji anayetembea siku nzima, ila kama unapiga haraka haraka mfululizo chukua chuma cha pua au Inconel (aloi ya nikeli), zinastahimili joto. Soma pia urefu wa chini wa mtutu ulioandikwa na mtengenezaji. AR-15 (bunduki inayojipakia yenyewe) ikifungwa sailensa inarudisha gesi usoni, tafuta muundo unaopitisha gesi mbele au fungia kifaa cha kurekebisha gesi. Bastola nyingi za mtutu unaocheza zinahitaji busta (kifaa chenye springi kinachosaidia mtutu kusogea), bila hiyo haijipakii yenyewe.

Vile vifaa vya bei chee vya mtandaoni vinavyouzwa kama vya kusafishia bunduki achana navyo kabisa, ATF inavihesabu vingi kuwa sailensa zisizosajiliwa.

Siku ya kuchukua linganisha namba ya sailensa na ya kwenye fomu, tarakimu kwa tarakimu, na ubaki na nakala ya kibali. Nyuzi za mtutu nazo, 5.56 mara nyingi ni 1/2x28 (kipenyo kwa inchi na idadi ya nyuzi kwa inchi) na .308 ni 5/8x24, ila hakikisha. Kabla ya kupiga toa risasi zote, funga sailensa, pitisha fimbo ya kupimia ndani ya mtutu itokee mbele, utazame kwa mwanga kama iko katikati ya tundu. Ikiegemea upande usipige hata moja, mpelekee fundi bunduki. Ikiwa sawa, rekebisha shabaha upya maana risasi itatua sehemu tofauti kidogo na ulivyozoea.