Kabla ya kupakia imeji ya mashine pepe kwa API, hesabu saa

Mashine pepe ni kompyuta inayoishi kama programu ndani ya kompyuta nyingine, imeji ni faili iliyobeba diski yake nzima, na API ni mlango wa kuipeleka kwenye wingu kwa amri. Zima mashine kwanza. Diski ya seva inayoendelea kuandika hainakiliwi kwa kubahatisha. Hifadhidata ikikatwa katikati ya kazi itaamka mgonjwa, au isiamke kabisa.

Ujue mapema wingu unalokwenda linakula nini. Azure hutaka faili ya umbizo la VHD ya ukubwa usiobadilika, tena ukubwa wa diski uwe MB kamili bila vichenchi, VHDX haipokei. Google Cloud inataka faili iitwe disk.raw, nayo ifungwe ndani ya tar.gz. OpenStack, programu ya kuendeshea wingu, haichagui sana, ila wewe ndiwe unayetaja umbizo unapoandikisha imeji. Ukiiita qcow2 kuwa raw, usije kulalamika mashine ikigoma kuwaka.

Badilisha draiva ukiwa bado nyumbani. Mashine iliyozaliwa VMware ikihamia KVM (zote ni programu za kuendeshea mashine pepe) lazima iwe na draiva za virtio ndani ya initramfs, kifurushi kinachotangulia mashine inapowaka, la sivyo haitaiona diski yake. Kadi ya mtandao nayo hubadilisha jina: iliyokuwa ens192 inaamka ens3, na mipangilio yako yote inaelekeza kwa marehemu. Hakikisha unaweza kuingia kupitia konsoli, na neno la siri la root, yule msimamizi mkuu, unalijua wewe mwenyewe, si yule fundi aliyehamia Mombasa.

Sasa tufike kwa tokeni.

Nairobi neno tokeni kila mtu analijua kwa sababu ya stima: unaingiza tarakimu, zinaliwa, zikiisha giza. Tokeni ya API, yaani kibali cha muda cha kuingilia, ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hii haipigi kelele ikikaribia kuisha. Kwenye OpenStack, Keystone, sehemu inayotoa vibali, mipangilio yake isipoguswa hutoa tokeni ya sekunde 3,600, yaani saa moja. Nilikuwa nimeyasoma hayo. Kuyasoma hakukunisaidia.

Kulikuwa na chama cha akiba na mikopo, ofisi ghorofa ya tatu karibu na Tom Mboya, kilichotaka seva yake ya hesabu ihamie kwenye wingu la OpenStack. Diski GB 120. Nikajaribu kwanza na imeji ndogo ya GB 2: POST ya kuiandikisha, kisha PUT ya kupeleka data yenyewe, dakika tatu hazikuisha na hali ikasoma "active". Nikamwambia Madam wa hesabu aende nyumbani alale, asubuhi atakuta mambo tayari.

Saa tatu usiku nikaanzisha ile kubwa. Laini ya ofisi ilikuwa ya Mbps 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde. Piga hesabu, maana mimi sikupiga: GB 120 ni megabiti 960,000, gawanya kwa 100, unapata sekunde 9,600. Saa mbili na dakika arobaini. Nikakaa na chai ya thermos nikitazama asilimia zikipanda. Saa sita kasorobo hivi ikafika mia. Nikasimama kufunga begi, jibu likaja: 401, yaani hutambuliki. Hali ya imeji ikarudi "queued", iko foleni, tupu kama isiyowahi kuguswa.

Ikawaje? Glance, sehemu ya OpenStack inayotunza imeji, ilipokea data yote kwa upole kabisa. Ilipofika hatua ya mwisho ya kuikamilisha imeji, ikaonyesha tokeni niliyoingia nayo, ikaambiwa hiyo ilishakufa, ikafuta kila kitu. Lakini usiku ule sikulijua hilo. Mimi nililaumu mtandao. Nikaanza upya, nikaangukia palepale. Usiku wa pili nikabadilisha kebo, nikabadilisha swichi, nikagombana kwa simu na watu wa intaneti ambao hawakuwa na kosa lolote. Soja wa jengo akaanza kuniuliza kama nimehamia. Asubuhi Madam akasimama mlangoni na kikombe chake: "Kijana, wanachama wamepanga foleni huko chini. Niwaambie pesa zao ziko wapi, mawinguni?"

Usiku wa tatu ndipo nilipomwomba msimamizi wa wingu anisomee logi, yaani kumbukumbu za mashine, za upande wake. Sentensi moja tu: tokeni huenda imeisha muda wakati wa kupakia, data inafutwa. Siku tatu, na jibu lilikuwa mstari mmoja kwenye mashine ambayo sikufikiria kuuliza.

Kwa hiyo, kabla hujagusa chochote: ukubwa wa faili kwa GB, zidisha kwa 8,000, gawanya kwa Mbps ulizopima wewe mwenyewe za kupandisha, si zile za kwenye tangazo. Jibu ni sekunde. Ukivuka nusu ya maisha ya tokeni, usianze. Punguza mzigo. Ile diski ya GB 120 ndani yake ilikuwa na data ya GB 31. Zilizobaki ni hewa na mabaki ya faili zilizofutwa. Nilipitisha virt-sparsify ya kuondoa hiyo hewa, kisha qemu-img convert yenye kubana kwenda qcow2, ikatoka GB 22. Nusu saa, tokeni mbichi, ikapita mara moja. Mzigo ukikataa kupungua, usafirishe kwa rsync hadi kwenye mashine iliyo jirani na wingu, kwani rsync yenye --partial ikikatika inaendelea ilipoishia ukiianzisha tena, halafu upakie kutoka huko.

AWS haina kisa hiki hasa, ina vyake. S3, ghala lake la faili, haipokei zaidi ya GB 5 kwa PUT moja. Utakatakata vipande, na mwisho wake ni vipande 10,000. Ukichagua vya MB 5 utakwama karibu na GB 50. Upakiaji ulioachwa njiani vipande vyake hubaki na hutozwa, na kwenye orodha ya kawaida ya faili huvioni. Weka kanuni ya kuvifuta.

Linganisha SHA-512, ile alama ya kidole ya faili, ya faili yako na ile wingu linayoonyesha. Futa funguo za SSH za seva yenyewe (si zile unazoingilia) na machine-id, namba ya utambulisho wa mashine, kabla ya kunakili. Na kama ndani mna namba za vitambulisho vya watu, kumbuka Cape Town na Johannesburg, ambako mawingu haya yana vituo vya data, si Kenya: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti juu ya kuzitoa nje, kwa hiyo mwulize mwanasheria wa mteja kabla, si baada.

Seva ya zamani usiifute. Mimi huiacha hadi hesabu za mwezi zifungwe mara moja kule kupya. Ila ichomoe waya wa mtandao na ubandike karatasi USIWASHE, maana kuna mtu atakayefika asubuhi na mapema, aione imezimika, aiwashe kwa nia njema, na wanachama waanze kulipwa kutoka vitabu viwili.