Chakula cha Mzazi Moshi, Mlipaji Uko Ughaibuni

Usitume hela yote ya chakula kwa mkupuo kwenye simu ya mzazi. Haikai. Utakuja mchango wa harusi, ada ya mjukuu, msiba wa jirani, naye si mtu wa kukataa. Wiki ya tatu anashindia chai. Vyakula vikavu mlipie muuzaji mwenyewe kwa Lipa Namba, yaani namba yake ya kupokelea malipo kwa simu, mara moja kwa mwezi. Hela ya mboga na maziwa itume kila wiki.

Anza na protini. Ndiyo hukatwa kwanza mfuko ukipungua, na misuli ya mzee ikishapungua hairudi kirahisi. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mama wa kilo 60. Kwa mwezi mnunulie maharage kilo 2, dagaa wakavu nusu kilo, trei moja ya mayai, na maziwa nusu lita kila siku. Hapo anapata gramu 45 hivi kwa siku. Zilizobaki zitatoka kwenye unga, mchele na karanga. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii, apangiwe na daktari wake.

Maharage ya soko la Mbuyuni, au soko la Kilombero kwa walio Arusha, hupimwa kwa sado, yaani kopo la kupimia, na sado hazilingani: nyingine kitako kimebonyea. Sema unataka kwa kilo, utumiwe picha ya mzani ndipo ulipe. Dagaa waliokaushwa mchangani ni wa bei nafuu, lakini mchanga hauishi kwa kuosha. Chukua waliokaushwa kwenye chanja, wakaangwe bila mafuta, wasagwe. Asiye na meno atatiliwa unga wa dagaa hao kwenye mtori, supu ya ndizi. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, kwa kuwa sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kuosha wala kwa kupika.

Magadi yaondoke jikoni kabisa. Tunajua makande bila magadi hukawia kuiva, ila magadi yamejaa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na mara nyingi floridi pia, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, wakati maji ya sehemu nyingi za Arusha tayari yana floridi nyingi. Chumvi yote ya mzee kwa siku isifike gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya. Yakigoma kuiva hata hivyo, ni ya zamani. Mwezi ujao dai ya msimu mpya.

Mchicha, mnavu na figiri vinunuliwe mara mbili kwa wiki, mafungu machache, maana bila friji kesho yake vimenyauka. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze wala kupunguza mboga za majani ghafla. Mkungu mzima wa ndizi mchare unaonekana nafuu, lakini huiva kabla mtu mmoja hajaufikisha nusu. Chana mbili zinatosha wiki.