Kabla uzi haujafunga jeraha la bega, andika haya

Ukipangiwa zamu ya majeruhi kwenye kituo chochote cha afya kilicho kando ya barabara kuu, kuanzia Mafinga na Makambako mpaka Uyole na Mbalizi, jiandae kuona mabega yaliyochanika. Bodaboda zinaanguka, panga linateleza, na huku Mufindi msumeno wa mbao haupumziki. Kushona tumefundishwa wote. Tunaharibu kwenye kuandika, na anayelipia ni mgonjwa.

Uwe na kalamu mbili, rula ya sentimita na saa ya ukutani inayokwenda. Majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kadi ya bima au kitambulisho. Akina Sanga wanaweza kuwa watatu kwenye foleni moja. Fomu ya polisi, PF3, iulizie, ila damu kwanza. Chanjo ya pepopunda: alichomwa lini mara ya mwisho, na leo umemchoma au hukumchoma.

Saa iandike kwa mtindo wa saa 24. Wewe ukiandika "saa 2", karani ataingiza saa nane mchana kwenye kompyuta, kumbe uliyempokea alikuja saa mbili usiku. Andika 20:00.

Mvue nguo. Juni na Julai mtu wa Mafinga anakuja na fulana, sweta mbili na koti juu, na wewe unajisikia vibaya kumvua kwenye baridi ile. Mvue hivyo hivyo, kisha umfunike blanketi. Kata sweta kwa mkasi, angalia kwapani, angalia nyuma kwenye kombe la bega. Nyuzi za sufu huingia ndani ya jeraha na kukaa humo zikileta usaha.

Halafu sehemu. Mgonjwa akisema "mkono" anamaanisha kuanzia begani mpaka kwenye kucha. Misimbo ya majeraha, ile karani anayoiweka kwenye madai ya bima, haiendi hivyo. Kwenye ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya misimbo ya magonjwa na majeraha, jeraha la wazi la bega ni S41.0, la mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, ni S41.1, na yakiwa mengi pamoja ni S41.7. Ukifika kwenye kiwiko umeshahamia S51. Mfupa ukiwa umevunjika chini ya jeraha, ni S42, na utaje kwamba mvunjiko ni wa wazi. Ukiacha S41 peke yake umeuficha mfupa. Neva ni S44, mishipa ya damu S45, misuli na kano S46. Karani wa madai hawezi kuweka hata mmoja kati ya hiyo kama hukuandika neno lake.

Sasa upande. Hapa nisikilize vizuri.

Nilikuwa tabibu mpya kwenye kituo kimoja cha afya. Jioni moja aliletwa kijana kutoka kwenye dingdong, ile mitambo midogo ya kupasulia mbao. Msumeno ulikuwa umemchana nyuma ya mkono wa juu. Foleni ilikuwa ndefu na giza linaingia. Nikaosha, nikachoma ganzi, nikashona nyuzi tisa. Kwenye rejesta nikaandika: "Jeraha mkono K, limeshonwa." Nikamwita anayefuata.

Wiki ya tatu alirudi amekibeba kiganja cha kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeshika kifaranga. Kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua. Kovu lilikuwa limefunguka, na ndani yake nikatoa kibanzi cha paini chenye urefu wa kucha.

Aliyejaza PF3 alisoma ile K yangu akaandika kushoto. Kulia ni K, kushoto ni K. Upande wa fidia wakauliza mambo mawili tu: ni mkono upi, na je, siku ya kwanza kiganja kilikuwa kinafanya kazi? La kwanza tulibishana nalo mwezi mzima. La pili halikuwa na jibu popote. Neva ilikatwa na msumeno, au na sindano yangu? Nilikuwa nimeshalifunga jeraha, na hakuna mtu angeweza kulifungua akaona nilichokiona mimi. Faili likarudishwa mara mbili. Kijana akawa anapanda basi kwenda Iringa mjini kujieleza, kwa nauli ya mama yake muuza nyanya. Siku moja mama yule alikuja akanisimamia mlangoni: "Sasa baba daktari, wewe si ulimwona?"

Nilimwona. Sikuandika.

Kwa hiyo andika neno zima, kulia au kushoto, na ni upande wa mgonjwa, siyo wako uliyemwelekea. Usitegemee msimbo ukusaidie: S41.1 ya kulia na ya kushoto ni ileile. Wamarekani, kwenye toleo lao lililoanza kutumika Oktoba 2015, wameuweka upande ndani ya msimbo wenyewe. S41.111A ni mchaniko wa mkono wa juu wa kulia usio na kitu kigeni ndani, ukiwa kwenye matibabu ya awali. Wa kushoto ni S41.112A, na kibanzi kikiwemo upande wa kulia inakuwa S41.121A. Wetu hauna nafasi hiyo, basi sentensi yako ndiyo ibebe yote.

Na kabla ya ganzi, siyo baada yake, pima neva: mwambie akunje kiganja kwenda juu kama anayesimamisha basi. Mguse kwa pamba upande wa nje wa bega, kisha mgongoni mwa kiganja karibu na dole gumba, aseme anasikia au hasikii. Pima mapigo kwenye kifundo cha mkono. Pima urefu na kina cha jeraha. Tafuta kitu kigeni, na usipokikuta andika "nimetafuta, hakuna", maana nafasi tupu haisemi kwamba ulitafuta.

Kilichomkata kiandike kwa maneno yake mwenyewe. Mama aliyekatwa begani, ukiona mume wake kasimama mlangoni, mtoe mume nje kwanza ndipo uulize.

Mengine mnayajua. Akirudi kusafishwa kidonda, usimwandike kama jeraha jipya. Ukikosea, piga mstari mmoja na saini, usifute. Umeme ukikatika andika kwenye karatasi, na ukiingiza baadaye weka saa ya tukio. Usisaini fomu tupu. Picha ya jeraha isiende kwenye grupu la WhatsApp. Karani akikuuliza, simama umjibu, asibaki kukisia. Na jeraha usiloona mwisho wake usilishone. Mpeleke hospitali ya wilaya usiku huohuo, na maelezo yake yaliyoandikwa ayashike mkononi.