Kuandika hadithi ya wawindaji na wachumaji wa kale: hatua kwa hatua, kwa mfano wa pango la Panga ya Saidi

Hadithi nyingi za watu wa mapangoni huharibika ukurasa wa kwanza, na mara nyingi kosa haliko kwenye visa wala wahusika. Kosa ni mnazi. Mwandishi anataka pwani ya kale, anapanda mnazi mlangoni mwa pango, na msomaji anayejua kwamba mnazi ulifika kwetu kutoka Asia makumi ya maelfu ya miaka baadaye anaacha kuamini kila kinachofuata. Mwongozo huu ni wa hadithi fupi ya maneno 3,000 hivi. Pango tutakalotumia ni la kweli, na tarehe pia ni ya kweli.

Hatua ya 1: Chagua pango moja na tarehe moja

"Hapo zamani za kale" inatosha kwa ngano. Hapa unahitaji namba. Panga ya Saidi iko Kilifi, Kenya, kama kilomita 15 kutoka baharini, mahali ambapo msitu hukutana na mbuga. Makumbusho ya Taifa ya Kenya na watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba humo mwaka 2010, na tabaka za sakafu ya pango zinarudi nyuma miaka 78,000. Mwaka 2021 walitangaza kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, wakampa jina la Mtoto. Lina miaka kama 78,000, na ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu kama sisi linalojulikana barani Afrika. Tuandike kuhusu watu waliomzika.

Tarehe inaamua mambo ambayo mwandishi hudhani ni ya hiari yake. Katika miaka 78,000 usimvike mhusika ushanga wa kombe, kwa sababu ushanga wa kwanza pangoni humo ni wa miaka kama 65,000 iliyopita. Ukitaka ushanga, hamisha hadithi. Ukienda hadi miaka 20,000 iliyopita, bahari imeshuka mita 120 hivi na Unguja imeungana na bara, kwa hiyo mhusika wako anafika huko kwa miguu bila kuona maji ya chumvi. Pemba hafiki, maana mkondo wake ni wa kina kirefu na ilibaki kisiwa. Hayo mawili yakichanganywa, hadithi imekufa.

Hatua ya 2: Ondoa visivyokuwepo

Fanya hivi kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, si wakati wa kuhariri, kwa kuwa kitu kimoja kikiingia huvuta vingine. Migomba, miwa, miembe na mpunga vilitoka Asia, kama minazi. Mahindi, muhogo, mapapai, mananasi, korosho na pilipili vilitoka Amerika, na havina hata miaka 600 kwetu. Ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa hawapo. Chuma hakipo, wala kitambaa.

Kitu kinachowasumbua zaidi waandishi ni chungu. Bila chungu hakuna mchuzi, hakuna uji, hakuna dawa ya kuchemsha ya bibi mganga. Hakuna hata mafiga, kwa sababu mafiga ni ya kuinjika chungu. Chakula kinachomwa, kinabanikwa juu ya vijiti, au kinavumbikwa ndani ya jivu la moto. Tumia vitenzi hivyo vitatu na jiko lako litaonekana lenyewe bila maelezo.

Vilivyobaki ni vingi: mbuyu, mkwaju, mkoma, mkindu, mizizi ya porini ya kuchimbwa kwa kijiti kilichochongoka, asali, ndege, tumbili, paa, ngiri. Kuhusu vitu vinavyooza, kama ngozi, kamba za magome, vikapu na mifuko ya maji ya tumbo la mnyama, una uhuru mkubwa. Udongo wa pango haukuvihifadhi, na akili iliyotengeneza zana zile za mawe haikushindwa kusokota kamba.

Hatua ya 3: Chuja Kiswahili chenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo miongozo ya lugha nyingine haitusaidii. Kiswahili ni lugha ya wakulima, mabaharia, wafanyabiashara na watu wa dini, na historia hiyo imejificha ndani ya maneno tunayoyatamka bila kufikiri. Huwezi kuondoa kila neno lenye asili ya Kiarabu, wala usijaribu. Msimulizi ni wewe wa leo. Kinachotakiwa ni kuondoa neno ambalo ndani yake kuna *kitu* ambacho wahusika hawajakiona.

Anza na misemo. Ukiandika kwamba binti "amevunja ungo", umeleta ungo, na ungo umeleta nafaka ya kupepeta. Mwindaji ambaye "hafui dafu" mbele ya mwenzake amerudisha mnazi kwa mlango wa nyuma. "Haba na haba hujaza kibaba" ina kipimo cha nafaka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" ina kitanda. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ina nyumba. Kwa upande mwingine, "mchumia juani hulia kivulini" inakaa vizuri kabisa pangoni, na "chovya chovya yamaliza buyu la asali" ni kama ilitungwa humo.

Kisha nyakati za siku. Alfajiri, adhuhuri, alasiri na magharibi ni nyakati za sala. "Jogoo la kwanza" linahitaji jogoo. Una "kukicha", "jua likiwa utosini", "vivuli vilipoanza kurefuka", "giza liliposhika". Umbali nao upimwe kwa mwili: mtupo wa jiwe, mwendo wa kutwa, hatua kumi. Kwa rangi, nyeupe, nyeusi na nyekundu hazina tatizo, lakini "kahawia" inanukia kahawa, na zambarau na chungwa ni matunda ya kuja. Sema rangi ya manyoya ya paa, rangi ya udongo uliolowa.

Salamu zinahitaji ujasiri. "Shikamoo" na "hodi" ziache. Hodi hupigwa mlangoni, na pango halina mlango. Watu wanaoishi ishirini na tano wakijuana tangu kuzaliwa wanaweza kuamkiana kwa kuulizana wameota nini au mguu unaendeleaje. Mama, baba, bibi, babu, mjukuu na mwanangu yanatosha kubeba heshima yote. Majina ya watu yatoke kwenye jambo la kuzaliwa kwao: Chausiku, Mvua, Kijiti. Juma ni Ijumaa, na Ijumaa bado iko mbali sana.

Tazama sentensi hii: "Saa kumi na mbili asubuhi Juma alinoa kisu chake akaondoka kwenda kuwinda." Ina makosa manne. Ikichujwa: "Kulipokucha Kijiti alibandua kibanzi kipya kutoka kwenye jiwe lake, akakijaribu kwenye nywele za mkono, akatoka."

Hatua ya 4: Hesabu watu wako

Kambi iwe na watu 25 hadi 30. Waorodheshe wote, hata wale ambao hawatasema neno, maana katika kundi dogo hivyo mtu akikosekana kila mmoja anajua. Karibu nusu wawe watoto. Kwa tunavyojua kutoka jamii za uwindaji zilizochunguzwa karne ya 20, kati ya watoto kumi wanne hivi hawakufika miaka 15. Lakini aliyevuka utotoni alikuwa na matumaini mazuri ya kufika miaka 60 au 70. Kwa hiyo tupa kabisa ile imani kwamba kila mtu alikufa akiwa na miaka 30. Huo ni wastani uliovutwa chini na vifo vya watoto. Kambi yako inahitaji bibi. Anachimba mizizi, anajua mwaka ambao kisima kilikauka, na anawalisha wajukuu mama yao anaponyonyesha mwingine.

Waandishi wengi huwachukua Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na kuwavika miaka 78,000. Jifunze kwao, lakini usiwageuze mabaki. Ni Watanzania wa leo wenye historia ndefu kama ya mtu mwingine yeyote, wanatumia vyuma vya mishale na masufuria, na lugha yao si lugha ya "mtu wa kwanza". Wanachoweza kukufundisha ni namna maisha ya kuchuma yanavyopangwa, si sura ya wahenga.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya siku moja

Kabla ya kutunga kisa, jua kambi inakula nini kesho. Paa mdogo wa vichakani ana kilo 5 hivi. Ukiondoa mifupa, ngozi na matumbo unabaki na kama kilo 3 za nyama. Gawa kwa watu 25: gramu 120 kila mmoja, kiasi cha kujaza kiganja. Sasa unaelewa kwa nini ugawaji wa nyama una mvutano kuliko uwindaji wenyewe, na kwa nini mizizi ya bibi ndiyo inayolaza watoto.

Mnyama mkubwa haanguki kila wiki. Miongoni mwa Wahadzabe, uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mwindaji mmoja hukaa karibu mwezi mzima kati ya mnyama mkubwa mmoja na mwingine, naye ana upinde. Wako wa miaka 78,000 mpe mkuki. Ushahidi wa mishale ya kale unaotajwa sana, wa Afrika Kusini, ni wa miaka kama 64,000. Mkuki wa kurusha unataka umfikie mnyama kwa hatua kumi na tano au ishirini. Kwa hiyo andika kurudi mikono mitupu. Andika jinsi watu wanavyoepuka kumwangalia usoni aliyerudi mikono mitupu siku ya tisa.

Bahari nayo si ya kila siku. Kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, ukiwa na mtoto mgongoni, ni safari ya kulala njiani. Ndiyo maana makombe yaliyofika pangoni hayakuwa mabaki ya mlo wa kila jioni. Yalibebwa kwa kusudi.

Na moto: kupekecha moto kiangazi ni kazi ya muda mfupi kwa mtu hodari, lakini masika vijiti hulowa na kaa lililozimika ni msiba. Mpe mtu mmoja jukumu la kulinda kaa. Umeshapata kisa.

Hatua ya 6: Tia zana mkononi

Eneo moja tu la kutengeneza zana linatosha kwa hadithi nzima, ila liwe sahihi. Mhusika ameshika kipande cha kwatzi, aina ya jiwe gumu, mkono wa kushoto, juu ya paja lililofunikwa ngozi. Kulia ana jiwe la mviringo la mtoni. Anatafuta ukingo wenye pembe kali, chini ya nyuzi 90, kwa kuwa ukingo butu hautoi kibanzi hata ukipigwa kutwa. Anagonga ndani kidogo ya ukingo, upana wa ukucha hivi. Akigonga ukingoni kabisa, unasagika na kumwaga unga. Akigonga ndani mno, jiwe linakataa na mtetemo unapanda hadi kiwiko. Pigo likikaa sawa, sauti inabadilika, inakuwa nyembamba, na kibanzi kinabaki kimelala kwenye vidole vya kushoto, chini ya jiwe. Kwatzi ina nyufa za ndani, hivyo pigo zuri pia huweza kupasua jiwe zima vipande. Hasira ya hapo ni ya kweli, iandike.

Kufunga kibanzi kwenye mpini kunahitaji ulimbo wa mti uliopashwa moto, ukachanganywa na unga wa udongo mwekundu ili usipasuke ukipoa. Ukizidishiwa moto unaungua na kuwa kama makaa, kichwa cha mkuki kinaruka pigo la kwanza.

Hatua ya 7: Andika kaburi

Usianze na maombolezo. Anza na mikono. Tunajua shimo lilichimbwa kwa makusudi, la kina kifupi na la mviringo, ndani ya pango walimoishi, kisha likafukiwa kwa udongo wa sakafu hiyo hiyo. Tunajua mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mkao wa mifupa ya mabega unaonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilifungwa kwa kubana, labda kwa ngozi au majani. Kichwa kiliinama kwa namna inayoonyesha kilikuwa kimelazwa juu ya kitu, na kitu hicho kilipooza kichwa kikashuka.

Hatujui maneno yao, wala walimwomba nani. Ukiingiza kuhani, mizimu na ngoma, utazifunika zile ishara chache tulizopewa. Zitumie zenyewe, polepole:

"Chausiku alimkunja magoti kama alivyokuwa akilala. Bibi alibana ngozi mara ya pili, maana bega lilikuwa limetoka. Kisha wote wakangoja, kwa sababu kichwa kilikuwa kimegusa udongo mtupu na hakuna aliyeanza kufukia."

Sentensi inayofuata ni yako, nayo ndiyo ngumu kuliko zote katika hadithi: waliweka nini chini ya kichwa, na nani alikitoa mwilini mwake?