Mkono ukutani, isipokuwa Mji Mkongwe

Maji yakikupwa, wanangu huchora mzingile mchangani kwa kijiti. Mmoja anachora, mwengine anapita kuitafuta hazina iliyofichwa ndani, mstari ndio ukuta. Ukitaka kuwashinda, shika ukuta wa kulia tangu mlangoni usiuache. Ukikuta pameziba, zunguka na ukuta huohuo. Utapita kwingi bure, lakini utafika, maadamu kuta zote zimeungana na ule wa nje.

Yule mkubwa keshaijua hila hii. Siku hizi hazina huizungushia kuta zilizojitenga katikati, kama kisiwa, nami nazunguka pembeni nikirudi mlangoni kama mjinga. Hapo ndipo pa kutumia makome: kila unapopita njia acha kome moja, ukirudi humohumo acha la pili. Penye mawili usiingie tena, na kwenye njia panda anza na isiyo na kome. Kanuni hii ya alama inanasibishwa na Mfaransa Trémaux, wa karne ya 19.

Mgeni wa Mji Mkongwe asijaribu ya mkono. Kule kila mtaa wa nyumba ni kisiwa; utaizunguka baraza ileile mpaka wazee wa bao wakuulize unamtafuta nani.