Vikaragosi vya pwani: kushona kaa, pono na kasa wenye tabia zao za kweli

Kaa mwekundu wa kwenye picha za watoto mara nyingi ni kaa aliyetoka chunguni. Yule wa mchangani, anayekimbia kwenye fuo za Diani na Watamu jua likishazama, ana rangi ya mchanga wenyewe, na akitulia tu macho yako yanampoteza. Kikaragosi kilichoshonwa kwa kumtazama huyu aliye hai hupendeza kuliko cha kubuni, kwa sababu kila kiungo chake kina kazi, na kila kazi inageuka mchezo. Kanuni ni moja: kuza alichonacho mnyama, usimpe asichokuwa nacho. Macho ya kaa yarefushe mara 3 ukipenda, lakini pua usimpe.

Vifaa vyote vinapatikana Nairobi. Flisi ndiyo kitambaa kizuri kwa anayeanza kushona, kwa kuwa ukiikata ukingo wake haufumuki. Blanketi moja kuukuu la flisi kutoka Gikomba linatosha vikaragosi vyote vya hapa. Kabla ya kukata, livute pande zote mbili: upande mmoja huvutika zaidi. Upande huo ndio uzunguke mkono. Ukikosea hapo, kikaragosi kitabana vifundo vya vidole na mshono utaachia siku ya kwanza kuchezwa. Tafuta pia jozi moja ya glavu za sufu, soksi ndefu, uzi wa poliesta (wa pamba hukatika pale vidole vinaposukuma), sponji ya unene wa sentimita 1, waya laini uliovikwa plastiki, na kopo jeupe la mtindi. Flisi mpya ya rangi uitakayo na uzi wa kufanana nayo utavipata Biashara Street au Eastleigh.

Maumbo kayaangalie kwenye meza za samaki pale City Market. Chukua umbo na vipimo, rangi iache hapohapo: samaki na pweza hupoteza rangi zao wakifa. Rangi itafute kwenye picha za wapiga mbizi.

Kaa

Kaa ana miguu 10 ukihesabu na magando: 8 ya kutembelea, 2 ya kukamatia. Jozi ya glavu ina vidole 10. Mwache mtoto ahesabu mwenyewe, hatasahau. Vaa glavu, laza viganja mezani, bana viwiko mbavuni, sogeza vifundo vya mikono vikaribiane, kisha geuza mikono hadi vidole vielekee nje, kushoto na kulia. Vidole gumba vitabaki mbele. Hayo ndiyo magando.

Gamba likate vipande viwili vya flisi rangi ya mchanga, upana sentimita 20, urefu 14, pembe zake zikiwa karibu mraba. Kaa wa mchangani ana mwili kama kisanduku, si duara. Weka sponji katikati, shona pembeni ukiacha milimita 7 za mshono. Sasa lishikize gamba juu ya migongo ya glavu, karibu na vifundo vya vidole tu, mshono wa sentimita 3 kila upande, na kati ya glavu na glavu acha nafasi ya sentimita 4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanazishona glavu pamoja, au wanaligandisha gamba lote kwa gundi, halafu wanashangaa vidole haviendi. Gamba linatakiwa kuelea juu ya mikono kama turubai.

Magando yakate kwa umbo la koleo lililofunguka kidogo, vipande viwili kwa kila gando. Moja liwe na urefu wa sentimita 12, jingine 9, kwa sababu kaa wa mchangani hana magando yanayolingana. Yavike juu ya vidole gumba na ushone kuzunguka. Jaza sponji kwenye ncha peke yake. Ukijaza lote, kidole gumba kitachoka kwa dakika mbili na gando litalala mezani.

Macho yanasimama juu ya vikonyo. Kata waya wa sentimita 9, kunja ncha ya juu iwe kitanzi ili isichome, uzungushie flisi, kisha toboa gamba na sponji, upitishe waya hadi chini na ukunje sentimita 2 ziwe kama wayo. Vikonyo vinavyoanguka ni vile vilivyoshonwa kwenye kitambaa cha juu bila kushika sponji. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, ondoa waya kabisa na shanga usiitumie kuwa jicho: tumia vikonyo vya sponji na jicho la kudariziwa kwa uzi mweusi.

Kutembea sasa. Ili kaa aende kulia, kunja vidole vya mkono wa kulia vivute, huku vya kushoto vikinyooka kusukuma. Kaa mwenyewe anafanya hivyohivyo: viungo vya miguu yake hukunjika kama bawaba, kuelekea ndani na nje, ndiyo maana kwenda ubavu kwake ni rahisi kuliko kwenda mbele. Tabia yake ni ya mwenye nyumba asiyetulia. Anachimba shimo, anatupa mchanga nje, anasimama, anainua macho yanayoona pande zote, anakimbia, anarudi kuchimba. Mpe kasi na kusimama ghafla. Kaa anayetembea polepole haaminiki.

Kwa glavu hizohizo unaweza kumtengeneza yule kaa mdogo wa mikokoni, anayeonekana kwa wingi Mida na Gazi maji yakipwa. Dume ana gando moja kubwa mno, jike ana mawili madogo. Gando kubwa lifanye sentimita 16, la sponji bila flisi ili liwe jepesi, na kidole gumba cha pili ukiache kilivyo. Dume hulipunga gando hilo kuwaita majike, na chakula anakitia mdomoni kwa lile dogo tu. Jike anatumia yote mawili, kwa hiyo wakikaa mezani pamoja jike atamaliza kula kabla yake. Mchezo wenyewe umekwisha kuandikwa hapo.

Pono

Kiswahili kimekwisha mtambulisha samaki huyu: mtu aliyelala fofofo tunasema amelala usingizi wa pono. Usemi huo haukutoka hewani. Usiku pono hujificha kwenye mianya ya matumbawe akatulia kabisa, na baadhi ya aina zake hujizungushia mfuko mwembamba wa utelezi unaotoka mwilini mwao wenyewe, wakalala ndani yake hadi asubuhi.

Shona kwa soksi. Kata ncha ya vidole, kisha tengeneza kinywa: plastiki yenye umbo la yai, urefu sentimita 16 na upana 9, ikunjwe katikati. Kadibodi inashauriwa mara nyingi, lakini jasho la mkono huilainisha na baada ya wiki kinywa hakifungi. Funika kwa flisi ya waridi, ushone kwenye mdomo wa soksi.

Kilichompa pono sura yake ni meno. Yameungana yakawa mdomo kama wa kasuku, na huonekana hata akiwa amefumba kinywa. Kata kutoka kwenye kopo la mtindi tepe mbili zenye kimo cha sentimita 2, chora mstari wa wima katikati ya kila moja (meno yake yana mfuo hapo), viringa pembe kwa mkasi, toboa matundu kwa sindano ya moto kila milimita 5, ushone. Kwa meno hayo hukwangua mwani kwenye matumbawe, husaga mawe aliyomeza kwa meno mengine yaliyo kooni, na yanayobaki hutoka nyuma yakiwa mchanga mweupe. Watoto hulipenda hili kuliko yote. Shona kijifuko kidogo chini ya mkia, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, acha tundu la kubanwa kwa kidole. Chumvi imwage baada ya mchezo, maana ikikaa hunyonya unyevu.

Mapezi ya kifuani yawe mapana, membamba, yameshikizwa kwa mshono mmoja wa mbele tu ili yapepee. Pono huogelea zaidi kwa hayo. Mkia huwa wa kukimbilia. Halafu rangi: katika aina nyingi pono huanza maisha akiwa jike mwenye rangi ya kahawia au nyekundu iliyofifia, na baadaye wengine hugeuka madume ya kijani na buluu yenye kingo za waridi. Soksi iwe ya kahawia, na juu yake tengeneza koti la kijani la kufunga kwa velkro. Bi Pono anaingia nyuma ya jiwe, anatoka Bwana Pono. Waelezee watoto kama jambo lilivyo, watalipokea.

Ukimlaza, mfunike kipande cha neti ya shela. Kope usimshonee. Samaki huyu hana kope, usingizi wake wote macho yako wazi, na watoto wanaomnong'oneza "uko macho?" wanauliza swali la maana.

Kasa

Mtoto wa Nairobi amezoea kobe, kwa hiyo atataka kasa ajifiche ndani ya gamba. Kasa hawezi. Kichwa na mapezi yake hubaki nje, hata papa akija. Shona kichwa imara, usitengeneze mfuko wa kukirudisha ndani. Vidole vitatu vya katikati viingie kichwani, kidole gumba na kidole kidogo viwe mapezi ya mbele. Mapezi hayo yawe marefu mara 2 ya yale ya nyuma, kwani ya mbele husukuma na ya nyuma huongoza.

Gamba la sentimita 28 kwa 24 lina magamba makubwa 13: 5 katikati, 4 kila ubavu. Ukitaka ng'amba badala ya kasa wa kawaida, magamba yapandane kama vigae vya paa, kwa hiyo yashone ukingo wa mbele pekee, na mdomo uuchonge kama wa mwewe. Hata mwendo wao mchangani unatofautiana: kasa wa kawaida hujivuta kwa mapezi yote mawili kwa pamoja, akapumzika; ng'amba hubadilisha, kushoto, kulia. Na machozi ya kasa jike anayetaga si huzuni, ni chumvi inayotolewa mwilini. Mstari wa uzi mweupe chini ya jicho unatosha.

Pweza na nguva

Pweza ana kosa moja kubwa linalorudiwa: kinywa kushonwa usoni. Kinywa chake, chenye mdomo mgumu kama wa kasuku, kiko chini, katikati ya mikono 8. Lile puto la juu ni mwili wenye matumbo na mioyo 3. Mikono isijazwe kitu, iwe tepe za flisi mbili mbili za sentimita 30, kwa kuwa hana mfupa hata mmoja. Upande wa nje kahawia, wa ndani mweupe wenye madoa, akishtuka mgeuze.

Nguva ni mnyonyeshaji mla nyasi za bahari, na Kenya wamebaki wachache mno. Kinywa chake kinatazama chini. Mkia una panda mbili kama wa pomboo, nao umelala, haukusimama kama wa samaki. Kwa hiyo pindisha kifundo cha mkono juu na chini, usikipeleke kushoto na kulia, na kila baada ya muda mpandishe hadi ukingo wa meza avute pumzi.