Ugomvi uleule kila wiki: anzia kwenye daftari

Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, na baba watoto anaendesha bajaji ya mtu. Miaka minne tumegombana ugomvi mmoja: hela anazomtumia mama yake Korogwe. Tunaombana radhi, tunapatana, wiki haijaisha tumerudi palepale kwa maneno yaleyale, mpaka mtoto wetu mkubwa akawa anajua linalofuata ni neno gani. Kama na kwenu ni hivyo, anza nilipoanzia mimi.

Chukua daftari. Mimi nilitumia lile la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Kila mkigombana andika siku, saa, na kilichotokea muda mfupi kabla. Matusi usiyaandike. Baada ya miezi miwili nilikuwa na mistari tisa, na saba ilikuwa ya Ijumaa usiku. Nilikaa na nguo ya mteja mapajani nikiitazama: Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Jumamosi asubuhi ndiyo anapeleka hesabu kwa bosi, kwa hiyo Ijumaa ndiyo anajua imetimia au imepungua. Mtu anaingia mlangoni anawaza elfu ishirini ya watu, hajasema, na mimi nimemsubiri, luku inalia. Mama wa watu kule Korogwe hakuwa na kosa lolote.

(Kama kwenu kuna kipigo, mambo ya daftari yaache. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.)

Ukishaijua saa yenu, saa hiyo msizungumzie hela. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyechunguza wanandoa miaka mingi, anaeleza kuwa moyo ukishapita mapigo 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, mtu hasikilizi tena. Anashauri mpumzike angalau dakika 20. Kwetu dakika hizo ni maji ya kuoga na sahani ya ugali. Ila anayeomba kupumzika ataje na saa ya kurudi kwenye mazungumzo. Kubamiza mlango ukaenda kijiweni si kupumzika, mwenzako ataona ni dharau tu. Huyohuyo Gottman alikuta kama asilimia 69 ya mambo wanayogombania wapenzi huwa hayaishi kabisa. Hilo lilinituliza sana. Niliacha kutafuta ushindi, nikatafuta namna ya kuishi nalo.

Pangeni kikao. Sisi ni Jumapili baada ya chai, watoto wakiwa madrasa, simu zote kabatini. Neno la kwanza ndilo linaloamua kikao kitakwendaje. Zamani nilikuwa naanza na "Wewe kila siku kwenu kwanza." Jumapili ile nilisema, "Nikikuta meseji ya muamala kabla hujaniambia, najiona kama mpangaji humu ndani." Alinyamaza muda mrefu, anazungusha kikombe, halafu akasema, "Mke wangu, nilikuwa naona aibu kukuomba ruhusa ya kumlisha mama yangu." Miaka minne ya kelele, na hakuna kati yetu aliyewahi kuyasikia maneno hayo.

Baada ya hapo hesabu zilikuwa nyepesi: elfu thelathini kwa mwezi, tarehe 5. Kukiwa na ugonjwa ananiambia kabla ya kutuma. Ananiarifu, haombi ruhusa, na tofauti hiyo ni kubwa kwake. Ijumaa mambo yakiwa mabaya ananitumia neno moja akiwa bado barabarani: "imepungua". Basi usiku huo namtengea chakula, ya luku yanasubiri asubuhi.

Mkikwama, tafuteni mtu wa tatu, lakini asiwe dada yako. Nyinyi mtapatana usiku, yeye atabaki na hasira mwaka mzima. Sisi tulimwendea mshenga wetu, kwa sababu anaheshimiwa pande zote mbili na hakuna aliyewahi kumlalamikia mwenzake kwake.

Daftari bado ninalo. Mwezi huu lina mistari miwili, yote ya ada ya shule, na hakuna hata mmoja wa Ijumaa. Tumeiwekea Jumapili.